Bakuli Lililofungwa Saa Kumi na Mbili

Kiti kilikuwepo, tena kizuri cha kuzunguka, lakini Desimali hakukikalia asubuhi ile hata dakika tano. Alikuwa akitembea ndani ya kontena lililogeuzwa ofisi ya mradi, hatua saba hadi mlangoni, hatua saba kurudi kwenye kompyuta, na kila akipita dirishani anasimama na kutega sikio. Chai yake ilikuwa imeshafanya utando. Aliifuata mwenyewe, akaitia sukari, akaikoroga vizuri, kisha akaisahau.

Kilichomnyima raha kilikuwa mlio mdogo tu. Tik. Halafu kimya. Halafu tik, tik, kama mtu anayebonyeza kifuniko cha kopo kwa kidole gumba. Ulikuwa unatoka juu ya Bakuli, na hii ilikuwa siku ya nne kuusikia.

Bakuli ndilo jina ambalo mafundi walilipa paa la ukumbi wa soko jipya. Lilikuwa kuba la chuma, mita thelathini kutoka ukingo hadi ukingo, na unene wake milimita sita, yaani hata kipande cha mkate kililishinda kwa unene. Halikuwa na nguzo katikati wala boriti chini yake. Lilikaa juu ya pete ya zege kama bakuli lililofunikwa mezani. Desimali katika karatasi zake aliliita ganda, kwa sababu siri yake ni ile ile ya ganda la yai: umbo ndilo nguvu. Likibanwa sawasawa pande zote huvumilia ajabu, lakini likielemewa upande mmoja litakuaibisha mbele za watu.

Yeye mwenyewe jina la Desimali alipewa na mafundi hao hao, kwa kuwa hakuna namba iliyotoka kinywani mwake bila nukta. Siku moja aliulizwa anataka vijiko vingapi vya sukari, akajibu kimoja nukta tano, na tangu hapo mambo yakaisha. Jina la nyumbani likabaki la nyumbani.

Kazi yake ilikuwa kulijenga Bakuli mara ya pili, ndani ya kompyuta, kwa milinganyo. Miezi kumi alilipasha jua la hesabu, akalipiga upepo wa hesabu, akalipandishia mizigo ya hesabu, akaangalia linajikunja wapi. Na katika hesabu hiyo namba ya kwanza kabisa, kabla ya mzigo, kabla ya upepo, ni hii: siku mshono wa mwisho ulipofungwa, chuma kilikuwa na joto kiasi gani? Maana chuma kikipata joto hutanuka, na hiki kimeshikwa pembeni na zege lisilotaka mazungumzo. Likipanda joto kupita lile lililofungiwa, ganda hukosa pa kwenda na kuanza kujibana lenyewe kwa lenyewe. Likishuka, ganda hujivuta tu, na chuma kuvutwa hakijali.

Kwa hiyo Desimali aliagiza mshono wa mwisho ufungwe katikati ya mchana, chuma kikiwa kimeshatanuka vya kutosha. Hapo jua la kila siku litalikuta Bakuli limeshajiandaa. Kwenye kompyuta yake mchana ulikuwa saa ya Bakuli kustarehe, na alfajiri yenye baridi ndiyo saa ya kunung'unika.

Sasa basi, siku nne mfululizo alikuwa amekuja alfajiri akasimama chini ya Bakuli na kusikiliza. Kimya. Limelala kama mtoto aliyeshiba. Jua likishapanda, ndipo tik, tik. Lilistarehe wakati wa kunung'unika na kunung'unika wakati wa kustarehe.

"Chuma hulia, binti," Mhandisi Mkuu alimwambia juzi, akiwa amechoka naye. "Hata mabati ya nyumbani kwangu hulia. Kilele kimepanda milimita ngapi mchana?"

"Kumi na tisa nukta nne."

"Hesabu yako ilisema?"

"Kumi na tisa nukta moja."

"Basi unataka nini tena? Harusi?"

Vipimo vilikubaliana na hesabu, na aliyekuwa hakubaliani ni yeye peke yake na sikio lake. Lakini wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na Bakuli lilikuwa linasema.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya jaribio la mzigo. Viroba mia sita vya mchanga vilikuwa vipandishwe na kreni, vipangwe juu ya ganda lote, viachwe hapo jua likiwa kali kuliko wakati wowote. Saa hiyo ya jua kali aliichagua Desimali mwenyewe, kwa maandishi, kwa kuwa ndiyo saa ya starehe ya Bakuli. Wageni walikuwa wameshakaa chini ya hema wakinywa soda. Juu ya chuma kulikuwa na wanaume kumi na wawili wakipanga viroba, na wa kumi na tatu, aliyesimama kileleni akielekeza kreni kwa mikono, alikuwa mjomba wake.

Huyu mjomba mafundi walimwita Cheche, na alikuwa mchomeleaji mwenye miaka thelathini na mbili kazini, mikono yote miwili ina madoa ya moto kuanzia kwenye vidole hadi viwikoni. Ni mdogo wake mama. Baba yake Desimali alipofariki, yeye ndiye aliyehamia chumba cha uani na kulea asiyemzaa. Alimfundisha kufunga kamba za viatu, kuendesha baiskeli, na kusoma saa. Saa aliichora kwa chaki ya kazini juu ya kipande cha bamba la chuma, na mishale akatengeneza kwa waya. "Sikiliza, mwanangu. Saa ni mwongo. Mkono wake unaonyesha hivi, mdomo wako unageuza. Ukiona sita, sema kumi na mbili. Ukiona kumi na mbili, sema sita. Usipoigeuza, itakupeleka shule usiku." Mtoto alicheka hadi akalala chini.

Simu ikalia. Ilikuwa mama.

"Mjomba wako yupo karibu?"

"Yuko juu, mama. Kazini. Kuna nini?"

"Kasahau dawa yake ya kifua hapa mezani. Nimempa jirani wa pikipiki akuletee hapo getini kwenu. Hakikisha anakunywa. Usiku kucha anakohoa mpaka ukuta unatikisika, na ukimwambia aende kupumzika anakuona adui."

"Kikohozi hicho si kilikuwa kimeisha?"

"Kiishe vipi? Tangu ile alfajiri uliyomtoa kitandani kwenda kufunga hilo bakuli lako, hajapona. Umande wote ule kifuani! Aliondoka hapa jogoo wa kwanza, baridi inauma, nikamwambia subiri jua litoke kwanza. Akaniambia, haiwezekani, dada, mtoto kaandika saa kumi na mbili kamili, bila kuchelewa."

Desimali aliacha kutembea.

"Alfajiri gani, mama?"

"We! Ya siku ya kufunga, nyingine ipi? Si wewe ulimwandikia?"

Hakumbuki alimuaga mama vipi. Faili la maagizo lilikuwa rafu ya juu, na alilivuta kwa nguvu hadi mengine mawili yakaanguka nalo. Karatasi ilikuwa ya kumi na moja, na mwandiko ulikuwa wake, ule mzuri aliojivunia: *Mshono wa mwisho ufungwe saa 12 kamili, bila kuchelewa.* Chini yake, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika juu ya chuma kuliko karatasi: *Umefungwa saa 12 kamili kama ulivyoagiza. Mafundi wanane kwa mpigo. Hakuna aliyechelewa.*

Siku ile yeye hakuwepo. Alikuwa makao makuu, siku tano amejifungia na kompyuta isiyojua asubuhi wala jioni, inayohesabu saa zake kuanzia sifuri hadi ishirini na tatu. Kwa kompyuta hiyo katikati ya mchana ni kumi na mbili. Naye alikuwa ameshakaa nayo muda mrefu kiasi kwamba alipochukua kalamu kumwandikia mjomba wake kwa Kiswahili, alisahau kugeuza. Taarifa ilipomfikia aliisoma akatabasamu, akajisemea, mjomba ni mjomba, hata dakika hakupoteza.

Hakupoteza kweli. Aliwaamsha wanaume saba kabla ya jua, wakapanda ngazi zenye umande, wakafunga Bakuli wakati chuma kikiwa baridi kuliko saa yoyote ya siku. Na kile kipimo cha kilele kilichokubaliana na hesabu hakikuwa ushahidi wowote, kwa sababu tofauti ya alfajiri na mchana ni ile ile, umefunga saa yoyote unayotaka. Chuma hakisemi kilizaliwa saa ngapi, ila labda ukikisikiliza.

Akakaa. Ndiyo, sasa alikaa kwenye kile kiti. Kwenye joto la siku ya kufunga, palipokuwa na nyuzi hamsini na mbili, akaandika kumi na saba. Namba moja tu, katika hesabu yenye namba elfu themanini. Kompyuta ikaomba dakika kumi na moja.

Dakika kumi na moja ni nyingi, asikudanganye mtu. Alitoka nje, akarudi. Akahesabu viroba kupitia dirishani: mia mbili sitini na kitu. Akaangalia vipima joto sita vilivyobandikwa kwenye chuma, nyaya zake zikiishia mezani kwake: arobaini na tisa, hamsini, hamsini na moja nukta mbili. Saa ya ukutani ilikuwa tano na nusu. Aliigeuza kichwani mara mbili kabla ya kuiamini. Kwa mawazo alikuwa ameshampandisha mjomba ngazi, ameshamshusha, ameshamzika na ameshamfufua, na kompyuta ilikuwa bado kwenye asilimia sitini.

Jibu lilipokuja halikuwa na huruma. Kwa viroba mia tatu na kumi, chuma kikiwa nyuzi hamsini na tano, ganda linabonyea. Na hata wakiacha kuongeza mchanga sasa hivi, jua lenyewe halijaacha kuongeza joto.

Alikimbia hadi kwenye hema, na wageni wakageuka. Mhandisi Mkuu alimvuta pembeni kwa kiwiko.

"Simamisha kreni," alisema Desimali.

"Kwa sababu ya tik tik?"

"Kwa sababu nimekosea. Niliandika saa kumi na mbili nikimaanisha mchana. Wamelifunga alfajiri. Namba ya kwanza kabisa ya hesabu yangu ni ya uongo, na zote zilizofuata zimefuata uongo."

Kama kuna kitu alichokitarajia, ni kufokewa. Mhandisi Mkuu alimtazama, akatazama Bakuli, na jasho likamtoka papo hapo chini ya kofia. Alikuwa mtu mzima kwenye kazi hii, na hesabu nyingine hazihitaji kompyuta. Akampungia mkono mwendesha kreni asimame. Kisha akakinyakua kipaza sauti. "Shukeni wote! Kimbi..."

Desimali alikipiga kile kipaza sauti kwa kiganja hadi kikaanguka.

"Wasikimbie! Wakikimbia wote watakwenda ngazi ya mashariki, ndiyo waliyoizoea. Watu kumi na watatu upande mmoja, upande wa pili hakuna hata mmoja. Ganda haliogopi sana mzigo, mkuu. Linaogopa upendeleo."

"Sasa tufanye nini?"

Hilo ndilo swali, na jibu lake alikuwa amelipata tangu asilimia sitini, na tangu hapo alikuwa analikimbia. Wawili wawili, mmoja mashariki na mmoja magharibi, kwa hatua moja. Viroba viachwe vilivyo, kwa kuwa vimepangwa sawa. Na joto lishushwe kwa maji. Boza, lile gari la maji ya kutuliza vumbi, lilikuwepo pale pale, limejaa. Lakini maji yakipigwa kutoka chini yatapoza upande mmoja na kuacha mwingine unaungua, na huo pia ni upendeleo. Lazima yamwagwe kutoka kileleni, yashuke pande zote kwa pamoja. Maana yake kileleni lazima abaki mtu wa kuushika mpira wa maji.

Aliokota kipaza sauti.

"Mafundi, nisikilizeni. Wekeni viroba chini mlipo, taratibu. Msiende popote mpaka niseme."

"Kuna nini, Desimali?" sauti ya mjomba ilishuka kutoka juu, ikakatwa na kikohozi. "Chakula kimeiva?"

Wengine wakacheka. Chini yao Bakuli likafanya tik.

"Mtashuka wawili wawili. Mmoja mashariki, mmoja magharibi. Tembeeni kama mnatoka msikitini au kanisani, chagueni wenyewe. Wa kwanza, anzeni."

Wakaanza. Kreni ilikuwa imeshafungiwa mpira wa boza badala ya kiroba, na ikaunyanyua polepole hadi kileleni, ukining'inia na kuvuja. Mjomba aliudaka.

"Na mimi nashuka na nani?" aliuliza. "Tuko kumi na watatu. Mimi sina mwenzangu."

Desimali aliminya kitufe cha kipaza sauti, akakiachia, akakiminya tena. Katika maisha yake yote hakuwahi kumnyima mtu huyu kitu, na hakuwahi kunyimwa naye.

"Wewe hushuki, mjomba. Utabaki hapo hapo kileleni, umwage maji pande zote kwa zamu, duara, usiruke upande. Ukiondoka hapo, litakwenda nawe."

Mtu mwingine angeuliza, angetukana, angemtaja mama yake. Mjomba alivuta suruali juu kidogo, akapanua miguu.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye mwenye karatasi."

Neno hilo lilimchoma Desimali kuliko tusi. Maji yakafunguliwa.

Ukungu wa matone ulipanda mara ya kwanza maji yalipogusa chuma, na kwa muda mjomba akapotea ndani yake. Jozi ya pili ilifika chini. Ya tatu. Desimali alikuwa ameleta kompyuta nje pamoja na nyaya zake, ameipachika juu ya pipa, na alikuwa anasoma vipima joto kwa sauti bila kujua kama anasoma kwa ajili ya mtu yeyote. "Hamsini na moja nukta sita. Hamsini nukta tisa. Hamsini nukta tatu."

"Niache na nukta zako, mimi naoga!" mjomba alipiga kelele, na jozi ya nne ikashuka ikicheka.

Ilikuwa jozi ya tano iliyoharibu. Yule wa magharibi alikuwa mwanaume wa miraba minne, si mwoga kwa kawaida, lakini tik ilitokea chini ya kiatu chake hasa, na woga hauna miraba. Aliruka. Hatua tatu kubwa za mbio kuelekea ngazi, na mwenzake wa mashariki bado hajainua mguu.

Kishindo kilisikika kama lango la chuma lililofungwa kwa hasira. Upande wa magharibi, mahali pa ukubwa wa jamvi, ganda lilibonyea ndani. Viroba vinne vikaporomoka na kubingirika. Wageni wakapindua viti. Yule mwanaume alikuwa ameshafika ngazini, analia kwa sauti, na mjomba alikuwa amepiga magoti kileleni, mpira umemkumbatia shingoni, maji yanaruka hovyo.

"Mjomba! Usisogee!"

"Mwanangu, linacheza chini yangu."

"Najua. Elekeza maji magharibi, kidogo tu, halafu rudisha duara."

"Unajua au unahesabu?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali zuri kuliko hilo, hata kwenye mitihani.

"Nahesabu," alisema.

Mjomba akakohoa, kikohozi kirefu, na chuma chote kilionekana kukohoa naye. "Basi endelea kuhesabu," alisema, akanyanyua mpira.

Jozi ya tano ikamalizika, ya sita ikashuka ikitambaa kwa mikono na miguu. Juu alibaki mtu mmoja katikati ya viroba, amelowa chapachapa, anageuka duara polepole. Desimali alisoma. Arobaini na sita nukta mbili. Arobaini na nne nukta nane. Simu ilitetemeka mfukoni mwake, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Arobaini na moja. Mhandisi Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake amevua kofia na kuishika kifuani.

Thelathini na saba nukta tano.

Kishindo cha pili kikaja, na Desimali alifumba macho. Alipoyafumbua, ule ubonyeo haukuwepo. Ganda lilikuwa limerudi lilivyokuwa, jeupe kwa maji, na mahali pale palikuwa na mikunjo miwili ya rangi iliyopasuka, basi. Alitega sikio. Maji yalikuwa yanachuruzika ukingoni. Tik haikuwepo.

Alingoja hadi vipima joto vyote sita vikasoma chini ya thelathini. Kisha akasema kwenye kipaza sauti, "Shuka, mjomba."

Alishuka taratibu, akipapasa kila kidato. Alipofika chini akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, maji yakimtoka kwenye mikono ya shati. Mtu akamletea taulo. Dawa ya mama ilikuwa imeshafika getini, na Mhandisi Mkuu mwenyewe alikwenda kuichukua, jambo ambalo mlinzi alilisimulia mwezi mzima.

Desimali alichuchumaa mbele ya mjomba wake na ile karatasi ya kumi na moja.

"Ni mimi, mjomba. Nilimaanisha katikati ya mchana."

Mjomba aliisogeza karatasi mbali, kisha karibu, kama afanyavyo mtu asiyetaka kukiri kwamba anahitaji miwani. Akasoma mstari wake, akasoma wa mpwa wake.

"Mchana hauna saa kumi na mbili, mwanangu," alisema, bila ukali wowote.

"Najua."

"Nilijiuliza, ujue. Umande na kuchomelea ni maadui, hata mwanafunzi wa wiki moja anajua. Nilisema, huyu ana maana gani kutuamsha saa ile? Nikataka kukupigia."

"Kwa nini hukunipigia?"

Mjomba alijifuta uso kwa taulo, akachukua muda mrefu kidogo kuliko uso wenyewe ulivyohitaji.

"Ilikuwa hati yako," alisema. "Nilifurahi kuiona. Nani angemuuliza maswali mtoto aliyesoma vile?" Kisha akatikisa kichwa kuelekea Bakuli. "Viroba tutavishusha usiku ukiingia, kukiwa na baridi. Kesho nitaukata mshono ule mwenyewe. Tutaufunga upya saa sita. Saa sita ya watu."

Desimali alimmiminia dawa kwenye kifuniko, mjomba akainywa akikunja uso. Ndipo simu ikatetemeka kwa mara ya tano, na safari hii akaipokea.

"Mbona hushiki simu? Amekunywa?"

"Amekunywa, mama. Sasa hivi."

"Haya. Akitoka hapo asikae na nguo mbichi, namjua. Na nyingine anywe saa kumi na mbili. Usisahau."

"Saa kumi na mbili ipi, mama?"

"Ipi tena?" Mama alicheka, kicheko chake kile cha jikoni, na kilisikika hadi kwenye ndoo. "Saa kumi na mbili ipi, anauliza! We mtoto, hivi nani alikufundisha kusoma saa?"

Mjomba alikuwa amesikia. Aliinamisha kichwa akikamua mkono wa shati kwa vile vidole vyenye madoa ya moto. Desimali alimtazama, simu iko sikioni, mama anangoja jibu.

"Mjomba," alisema, akaanza kulia.